Namna ya Kuwa Mthamini wa Vito Aliyehitimu: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Katika miji ya Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, mtu anayetaka kujua thamani ya mkufu alioachiwa na marehemu mama yake huenda moja kwa moja kwa sonara. Sonara huuweka mkufu kwenye mizani, huusugua kwenye jiwe, kisha hutaja bei. Bei hiyo yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini si tathmini, kwa maana ni kiasi ambacho mnunuzi yuko tayari kukitoa siku hiyo, akiwa na hesabu zake za faida kichwani. Mthamini hanunui. Yeye hukichunguza kitu, hukieleza kwa maandishi, hukikadiria kwa kusudi lililotajwa, kisha huweka saini kwenye ripoti ambayo wakili, kampuni ya bima au hakimu anaweza kuihoji mstari kwa mstari. Watu wenye uwezo huo ni wachache katika eneo letu, na haja yao ni kubwa, hasa miongoni mwa familia zinazogawana mirathi bila kujua kilichomo ndani ya sanduku. Mwongozo huu unaeleza njia ya kufikia uwezo huo, kuanzia siku ya kwanza hadi ripoti ya kwanza.

Hatua ya kwanza: ielewe kazi na mipaka yake

Mthamini hujibu maswali mawili, na hayawezi kupinduliwa mpangilio. La kwanza ni kitu hiki ni nini hasa: madini gani, ya usafi gani, jiwe gani, la asili au la maabara, limetibiwa au halikutibiwa, kimetengenezwa lini na kwa ufundi gani. La pili ni kina thamani gani kwa kusudi hili, katika soko hili, tarehe hii. Anayelirukia swali la pili kabla ya kulimaliza la kwanza hubahatisha tu, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi dukani.

Kuna jambo la kisheria linalopaswa kueleweka mapema. Sheria ya Wathamini, Sura ya 532 ya Sheria za Kenya, ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na elimu ya wengi waliosajiliwa huko ni ya ardhi na majengo. Kwa hiyo usijiite mthamini aliyesajiliwa kwa sababu tu umepata cheti cha elimu ya vito. Andika jina la cheti chako kama lilivyo, taja chuo kilichokitoa, na kabla ya kuchapisha kadi au kutundika bango, iandikie Bodi barua na upate jibu la maandishi kuhusu namna unavyoruhusiwa kujitambulisha. Siku utakapoitwa mahakamani, swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litahusu jina unalojipa.

Hatua ya pili: jenga msingi kabla ya kulipia karo

Fizikia na kemia za shule ya upili zitakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu elimu ya vito imejengwa juu ya tabia ya mwanga, uzito na mpangilio wa chembe ndani ya fuwele. Ikiwa uliziacha zamani, tafuta vitabu vya kidato cha tatu na cha nne uvipitie upya, hasa sura za mwanga na mpindo wake. Kiingereza cha kusoma na kuandika nacho hakiepukiki, kwa kuwa mitihani mikuu ya fani hii hufanywa kwa lugha hiyo.

Pima macho yako. Mtu asiyetofautisha vyema nyekundu na kijani anaweza kuwa sonara hodari, lakini atataabika sana kupanga madaraja ya rangi za yakuti na zumaridi. Kipimo cha kutambua rangi ni cha muda mfupi, na hospitali za macho hukifanya, ikiwemo ile ya Sabatia katika Kaunti ya Vihiga. Ni afadhali kujua jambo hilo kabla ya kutumia akiba yako kuliko kulijua ndani ya chumba cha mtihani.

Kisha tafuta nafasi ya kukaa karibu na sonara, hata bila mshahara. Kisumu ina mafundi wa dhahabu tangu jamii za Wahindi zilipoanza kukaa pale reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na Nakuru nayo ina maduka ya vito yaliyopita kutoka baba hadi mwana. Humo utajifunza mambo ambayo hakuna kozi inayoyafundisha vizuri: jinsi pete iliyomiminwa kwenye kalibu inavyotofautiana na iliyofuliwa kwa mkono, mahali ambapo mkufu hukatika na kuungwa, jinsi lehemu ya usafi wa chini inavyoshusha usafi wa bangili nzima, na jinsi kazi ya siku kumi inavyoweza kujificha ndani ya gramu chache tu. Utazoea pia vipimo vya wazee, kwa maana familia nyingi za asili ya Kihindi bado huhesabu dhahabu ya harusi kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66. Mwombe fundi akuruhusu uandike. Daftari lenye maelezo, uzito na michoro ya kila kitu ulichokishika ndilo litakuwa kitabu chako cha kwanza cha uthamini.

Hatua ya tatu: pata elimu ya vito inayotambulika

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa diploma zinazoheshimiwa kote duniani hutolewa na taasisi chache, na gharama yake si ndogo. Mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni Gem-A ya Uingereza, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1908. Mafunzo yake huenda kwa ngazi mbili, ya msingi na ya diploma, na anayehitimu ngazi ya pili anaweza kuomba uanachama wa kitaalamu unaofupishwa FGA. Kwa almasi peke yake kuna diploma nyingine inayoelekea DGA. Ya pili ni GIA ya Marekani, iliyoanzishwa na Robert M. Shipley mwaka 1931, ambayo cheti chake kikuu, Graduate Gemologist, hufupishwa kuwa GG. Nadharia ya taasisi zote mbili inaweza kusomwa kwa intaneti ukiwa Milimani au Njoro. Vitendo ndivyo vinavyomlazimu mtu kusafiri: GIA hudai madarasa ya maabara ana kwa ana, nayo ina kampasi London, Mumbai na Bangkok miongoni mwa miji mingine. Katika mtihani wake wa mwisho wa utambuzi, mwanafunzi hupewa mawe 20 na lazima ayatambue yote bila kukosea hata moja. Sharti hilo ni la haki, kwa sababu mteja naye hana jiwe ambalo yuko radhi ulikosee.

Karibu na nyumbani kuna Kituo cha Jemolojia cha Tanzania kilichoko Arusha, kinachofundisha elimu ya vito pamoja na ukataji wa mawe. Kwa anayetoka Kisumu au Nakuru, safari ya basi hadi Arusha si kitu ikilinganishwa na nauli ya ndege kwenda Asia. Mimi ningemshauri kijana asiye na mtaji mkubwa aanzie huko, azoee kushika mawe halisi ya Afrika Mashariki, ndipo ajiandikishe kwa FGA au GG akiwa tayari ana macho yaliyofunzwa.

Wakati unasoma, usikariri majina, kariri tabia. Kipimo cha mpindo wa mwanga, kinachosomwa kwenye refraktometa, ndicho kitakachotenganisha mawe yanayofanana kwa macho. Savorait, yaani ganeti ya kijani iliyogunduliwa na Campbell Bridges nchini Tanzania mwaka 1967 na baadaye Taita Taveta, husoma karibu 1.74, tena msomo mmoja tu. Yakuti nyekundu na yakuti samawi husoma 1.762 hadi 1.770, misomo miwili. Tanzanaiti husoma karibu 1.69 hadi 1.70. Kwatzi husoma 1.544 hadi 1.553. Almasi, yenye 2.417, hupita uwezo wa refraktometa ya kawaida, na ndiyo maana huhitaji njia nyingine. Ukiwa na namba hizi kichwani, kijiwe cha kijani kinachodaiwa kuwa savorait kitakapokupa msomo wa 1.52 utajua kwamba huenda umeshika kioo, nawe utaendelea na vipimo vingine hadi uthibitishe.

Tenga muda mwingi zaidi kwa mawe ya maabara na yaliyotibiwa, kwa kuwa thamani hupotea hapo kuliko kwingine kote. Yakuti ya kutengenezwa kwa moto ilitangazwa na Auguste Verneuil mwaka 1902, kwa hiyo pete ya bibi ya miaka ya 1930 inaweza kabisa kuwa na yakuti isiyotoka ardhini. Ukiitazama ndani kwa hadubini utaona mistari iliyopinda na viputo vya hewa, ilhali mistari ya ukuaji ndani ya yakuti ya asili huwa imenyooka. Yakuti nyingine ni za asili lakini zimejazwa kioo chenye risasi ili nyufa zisionekane, na hizo hazistahili kuwekwa bei moja na yakuti safi. Karibu tanzanaiti zote sokoni zimepashwa moto ili kupata rangi ya buluu, jambo linalokubalika katika biashara mradi litajwe. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta. Almasi za maabara ni almasi kwa kila hali ya kikemia, na kile kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa joto huzipitisha kama za asili. Zinapozua shaka hupelekwa maabara yenye vyombo vya kuchanganua mwanga. Moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, nayo hukidanganya kifaa hichohicho, lakini ukiitazama kwa lensi utaona kingo za nyuma zikionekana mbilimbili, jambo ambalo almasi haifanyi.

Hatua ya nne: zifahamu dhahabu na fedha kwa undani

Kwa wateja wa huku kwetu, dhahabu ndiyo itakayokuja mezani mara nyingi zaidi. Karati ni sehemu kati ya 24, na alama zake zilizozoeleka ni 375 kwa karati 9, 585 kwa karati 14, 750 kwa karati 18, 916 kwa karati 22 na 999 kwa dhahabu safi. Fedha ya kawaida ya mapambo huwa na alama ya 925. Alama ni dai la aliyeipiga, nawe kazi yako ni kulihakiki. Ni vyema ujue dai hilo lilitoka wapi: kitu kilichopitia ofisi za upimaji za Uingereza huwa na muhuri wa aliyekileta, usafi wake na alama ya mji, kama kichwa cha chui kwa London au nanga kwa Birmingham, na kitu kilichouzwa India tangu upimaji wa lazima uanze mwaka 2021 huwa na pembetatu ya BIS, yaani shirika la viwango la India, usafi wake na namba ya utambulisho inayochanganya herufi na tarakimu, jumla sita. Bangili za harusi zinazoletwa Kisumu kutoka Mumbai au Dubai utazisoma vizuri zaidi ukizijua alama hizo.

Jaribio la jiwe na asidi ni la kale na bado ni zuri. Mstari wa kitu husuguliwa kando ya mistari ya sindano zenye usafi unaojulikana, kisha asidi hudondoshwa na mistari hulinganishwa. Lakini asidi ya nitriki huunguza ngozi na mapafu, kwa hiyo dirisha liwe wazi na glavu ziwe mkononi. Usisugue mahali panapoonekana, na usisugue kamwe bila ruhusa ya mwenye mali. Mashine ya eksirei inayoitwa XRF haiharibu kitu, ila husoma tabaka la juu tu, na kitu kilichochovywa dhahabu nzito kinaweza kuidanganya.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa kitu kisicho na mawe wala uwazi ndani ni kupima uzito hewani na majini. Tuseme bangili ina gramu 23.40 hewani, na ikitundikwa ndani ya maji bila kugusa chombo inasoma gramu 22.08. Tofauti ni 1.32. Gawanya 23.40 kwa 1.32 upate 17.7, kipimo kinacholingana na dhahabu ya karati 22. Dhahabu safi ingetoa 19.3, fedha 10.5, na shaba nyeupe au nyekundu ingetoa kati ya 8 na 9. Jihadhari na jambo moja: tungsteni hutoa 19.25, karibu sawa na dhahabu safi, na ndiyo sababu matapeli wa vipande vya dhahabu huipenda. Kipande cha dhahabu safi hakithibitishwi kwa uzito peke yake.

Suala la dhahabu ghafi linastahili aya yake, kwa maana anayefungua ofisi magharibi mwa Kenya hatalikwepa. Dhahabu iliwavuta watu Kakamega tangu mwaka 1931, mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi mwaka 1952, na leo wachimbaji wadogo wako Ikolomani, Migori na Siaya. Watakuja na vipande vilivyofungwa kwenye karatasi wakitaka bei. Kuuza na kununua madini ghafi kunahitaji leseni ya mfanyabiashara wa madini chini ya Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka 2016, na wewe kama mthamini wa vito hupaswi kununua, kushika kwa niaba ya mwingine, wala kumtafutia mtu mnunuzi. Pia usikubali kupasha moto kipande chochote cha aina hiyo, kwa sababu kinaweza kuwa na zebaki, na mvuke wa zebaki huharibu neva za anayeuvuta na za walio chumba cha pili.

Hatua ya tano: nunua vifaa kwa mpangilio

Anza na lensi nzuri ya kukuza mara kumi, iliyosahihishwa isipotoshe rangi wala umbo, pamoja na koleo na kitambaa. Fuata na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu kwa madini, na nyingine inayosoma hadi sehemu ya elfu kwa mawe, ukikumbuka kwamba karati moja ya jiwe ni gramu 0.2 na haihusiani na karati ya dhahabu. Mizani inayotumika kibiashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani wa serikali. Weka cheti chake ukutani. Baada ya hapo nunua kipimo cha milimita, refraktometa, na polariskopu, kifaa kinachoonyesha kama jiwe hupinda mwanga mara moja au mara mbili. Hadubini ije mwisho, ikiwezekana iliyotumika lakini yenye lensi safi, kwa kuwa ndicho kifaa ghali zaidi na pia ndicho utakachokitumia kila siku. Taa yenye mwanga mweupe usiobadilika ni muhimu kuliko samani za ofisi. Jua la saa nane mchana la Kisumu na wingu la asubuhi la Nakuru hazitakupa rangi moja kwa jiwe moja.

Hatua ya sita: jifunze thamani, usiikisie

Thamani haikai ndani ya pete ikisubiri kugunduliwa, hutegemea kusudi. Chukua pete moja ya almasi. Kwa bima, kinachotafutwa ni gharama ya kuipata nyingine ya aina na hali hiyohiyo katika duka la kawaida, pamoja na ufundi na kodi ya VAT. Kwa mirathi, kinachotafutwa ni bei ambayo muuzaji asiyelazimishwa na mnunuzi asiyelazimishwa wangekubaliana katika soko huria, kwa tarehe ambayo wakili ameitaja kwa maandishi. Kwa wanandoa wanaotengana na kugawana mali chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, ni lazima pande zote au mahakama ikubaliane juu ya msingi na tarehe kabla hujaanza. Kwa chama cha akiba na mikopo kinachotaka dhamana, kinachotafutwa ni fedha zitakazopatikana mali ikiuzwa haraka, na mara nyingi hiyo huwa ni thamani ya dhahabu iliyomo na kiasi kidogo cha mawe. Kiasi cha bima kinaweza kuwa maradufu ya kile cha uuzaji wa haraka na zaidi, na vyote viwili vikawa sahihi. Ndiyo maana ripoti isiyotaja kusudi ni hatari: mtu huichukua ya bima, akaitumia kumwambia ndugu yake kwamba amemdhulumu.

Waislamu wa Mumias, Kisumu na Nakuru watakujia pia kwa hesabu ya zaka, na hilo ni kusudi lenye kanuni zake. Kinachohesabiwa ni dhahabu yenyewe bila ufundi wala mawe, nisabu, yaani kiasi cha chini kinachowajibisha zaka, ambayo wengi huifuata ni gramu 85 za dhahabu safi, na kiwango ni asilimia 2.5. Masheikh hutofautiana kuhusu mapambo yanayovaliwa, na si kazi yako kuamua kati yao; wewe toa uzito wa dhahabu safi kwa usahihi, umwache mteja na sheikh wake.

Hesabu ya madini ni nyepesi. Bei ya dhahabu ya kimataifa hutangazwa London mara mbili kwa siku ya kazi kwa dola kwa kila aunsi ya gramu 31.1035. Igeuze kuwa shilingi kwa gramu kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo, na uandike ulikokitoa. Tuseme, kwa mfano tu, gramu ya dhahabu safi ni shilingi 10,000. Bangili yetu ya gramu 23.40 yenye usafi wa 916 ina gramu 21.43 za dhahabu safi, yaani kiasi cha shilingi 214,300 za madini. Ufundi, faida ya duka na kodi huongezwa au kuachwa kulingana na kusudi.

Mawe ndiyo magumu. Almasi ya duara iliyomo ndani ya pete hukadiriwa uzito bila kutolewa: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, kisha kwa 0.0061, vipimo vyote vikiwa kwa milimita. Yenye kipenyo cha 6.5 na kina cha 4.0 hutoa karati 1.03. Baada ya uzito huja rangi, usafi na ukataji, na hapo orodha ya bei ya Rapaport, inayotumiwa na wafanyabiashara wa almasi, husaidia, mradi ukumbuke kwamba hizo ni bei ambazo wauzaji huanza kwa kuziomba, kwamba wafanyabiashara hupunguziana kutoka hapo, na kwamba haihusu kabisa almasi za maabara, ambazo bei zake zimeporomoka mno miaka ya karibuni. Kwa savorait, yakuti na tanzanaiti hakuna orodha ya kutegemewa namna hiyo. Utahitaji daftari lako mwenyewe la bei zilizolipwa kweli: tembelea maduka ya Oginga Odinga Street na Kenyatta Avenue, waulize wauzaji wa Nairobi na Voi, fuatilia matokeo ya minada, na uandike tarehe, ukubwa, rangi na bei. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na uzito mbele ya hakimu kuliko maneno yoyote matamu.

Hatua ya saba: andika ripoti inayoweza kuhojiwa

Siku mteja anapoacha kitu, mpe risiti inayoeleza kinachoonekana tu: pete ya madini ya manjano yenye jiwe jeupe la duara, uzito wake wote na picha. Usiandike dhahabu wala almasi kabla ya kupima, hata kama mteja ameapa. Muonyeshe kwa lensi kila mkwaruzo na jiwe lililolegea, kisha atie saini. Nimeona ugomvi mchungu ukizuka kwa sababu ya mkwaruzo uliokuwepo tangu mwanzo, na risiti ya namna hii ingeumaliza kwa dakika moja.

Maelezo ndani ya ripoti yawe kamili kiasi kwamba sonara asiyewahi kukiona kitu hicho aweze kukitengeneza upya. Kwa mfano: "Pete moja ya dhahabu ya karati 18, yenye alama ya 750 upande wa ndani, usafi ukiwa umethibitishwa kwa jiwe na asidi, uzito wote gramu 4.62 pamoja na jiwe. Katikati mna almasi moja ya asili ya duara, imeshikwa kwa kucha sita, kipenyo milimita 6.5, kina milimita 4.0, uzito uliokadiriwa bila kutolewa karati 1.03, rangi na usafi vimekadiriwa jiwe likiwa ndani ya pete." Sema almasi ni ya asili ikiwa tu ina ripoti ya maabara uliyoilinganisha na jiwe lenyewe, au umefanya vipimo vinavyotosha. Ongeza kusudi, soko uliloliangalia, tarehe ya ukaguzi, tarehe ya thamani, vipimo vyote ulivyofanya, vile ambavyo havikuwezekana, chanzo cha bei, na tamko kwamba huna maslahi yoyote katika mali hiyo.

Tamko hilo halina maana ukitoza asilimia ya thamani. Toza kwa saa au kwa kipande, utangaze bei zako mapema, na ukatae katakata kununua kitu ulichokithamini, hata mteja akikubembeleza. Katika mji ambao sonara, mnunuzi na mshauri wamezoea kuwa mtu mmoja, msimamo huo utakupotezea pesa mwanzoni. Ushikilie hivyohivyo.

Hatua ya nane: tafuta kutambuliwa na wenzako, kisha ufungue mlango

Cheti cha vito kinathibitisha kwamba unajua kutambua. Hakithibitishi kwamba unajua kuthamini. Kwa hilo kuna vyama vya wathamini. Uingereza ina taasisi ya wathamini wa vito chini ya Chama cha Kitaifa cha Wauza Vito, yenye mafunzo yake ya nadharia ya uthamini. Australia ina baraza lake la NCJV. Marekani ina ASA, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo hutoa daraja la kwanza kwa mwenye miaka miwili ya kazi ya uthamini na daraja la juu kwa mwenye miaka mitano, baada ya mitihani na kupitiwa kwa ripoti zake. Hata kabla ya kujiunga, soma kanuni zao za maadili na uzifuate kana kwamba umeshatia saini.

Kwa upande wa Kenya, fahamu kwamba wafanyabiashara wa madini na mawe ya thamani wamo katika orodha ya taasisi zinazowajibika kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha chini ya sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji fedha. Ukiona mali ambayo mwenyewe hawezi kueleza ilikotoka, omba kitambulisho, andika, na utafute ushauri wa wakili kabla ya kuendelea. Taarifa za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: orodha inayoonyesha nani ana dhahabu kiasi gani na anaishi wapi ni mwaliko kwa majambazi, kwa hiyo faili ziwe kwenye kabati la chuma na nakala za kompyuta ziwe na nywila.

Wateja wa mwanzo hawatatoka barabarani. Watembelee mawakili wanaoshughulikia mirathi Kisumu na Kakamega, madalali wa bima Nakuru na mameneja wa vyama vya akiba, uwaachie ripoti ya mfano isiyo na jina la mtu. Katika miezi ya kwanza, tafuta mthamini mzoefu, hata kama yuko Nairobi au ng'ambo, mkubaliane kwa malipo apitie kila ripoti kabla hujaitoa. Chukua pia bima ya dhima ya kitaaluma, na nyingine ya mali za wateja zilizo mikononi mwako. Mali isilale ofisini usiku. Panga ukaguzi ufanyike mteja akiwa ameketi mbele yako, na kwa seti kubwa ya harusi, omba chumba katika benki inakohifadhiwa.

Mwisho wa kila ripoti ya bima, andika tarehe ambayo inapaswa kupitiwa upya. Miaka mitatu ni muda wa kawaida; dhahabu ikipanda kwa kasi, mwaka mmoja ni mrefu. Weka kumbukumbu ya tarehe hizo na umpigie mteja simu wewe mwenyewe, kwa sababu anayelipa ada ya bima kwa thamani ya zamani atagundua pengo siku ya wizi.